Kwapa la Kushoto

Tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama katika kibanda cha fundi wangu wa nguo pale Sinza, mikono nimeinyoosha pembeni, nikipimwa sare ya sendofu ya binti wa kaka yangu. Kamati ya sherehe ilikuwa imechagua kitambaa cha zambarau kisichompendeza mwanamke yeyote aliyevuka miaka arobaini. Mimi nina arobaini na saba, lakini sare ni sare. Fundi ni mtu wa Masasi, amenizidi umri kidogo, na amenishonea tangu mwanangu wa kwanza yuko darasa la kwanza. Hupima kimya, akitamka tarakimu tu, kisha huziandika katika daftari refu lenye jalada gumu.

"Kwapa kulia, kumi na nane," alisema. Akahamisha futi upande wa pili, akapima, akapima tena. "Kushoto, kumi na tisa na nusu."

"Umelegeza futi," nilimwambia.

"Dada, mie futi silegezagi. Tangu enzi mnavaa mabega ya sifongo."

"Basi ni unene."

"Unene ungekuwa unakuja upande mmoja, wanawake wa mji huu wangetembea wameinama." Aliandika, akafunga daftari. "Nitakuachia nafasi. Ila kaangalie."

Niliangalia usiku huo nikioga. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na kile kimto laini ninachokifahamu tangu ujana wangu, na safari hii ndani yake palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa korosho, kinachoteleza kila nikikibonyeza. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa hadi maji yakapoa.

Lazima nieleze kimto hicho ni nini, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na kutokukieleza. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kwa mama mkwe, Temeke, kukaa arobaini. Siku ya tatu maziwa yalipoingia, makwapa yangu yote mawili yalivimba hadi sikuweza kushusha mikono; nilitembea kama mtu aliyebana machungwa. Mama mkwe alikuwa akinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kama wazazi wote wanavyokandwa, na alipofika hapo hakushtuka hata kidogo. Alibonyeza, akakunja uso, akachovya kitambaa tena.

"Haya ni maziwa. Yameota pasipo na mlango," alisema. "Usiyakamue, yatakata yenyewe. Shangazi yangu alikuwa nayo." Kisha akasogeza mdomo sikioni kwangu, ingawa chumbani tulikuwa wawili na kichanga. "Na usiwaambie watu. Ukisema una manne watakuita ng'ombe."

Yalikata kweli, ndani ya wiki moja. Lakini hayakuondoka. Yalirudi nilipojifungua mara ya pili, na tangu hapo kila mwezi, siku chache kabla ya siku zangu, makwapa hujaa kidogo na kuuma, la kushoto zaidi, kisha hunywea. Mume wangu aliyaona, kwa kuwa macho anayo, na hakuuliza. Mimi sikumwambia mtu. Miaka ishirini na miwili sikuvaa gauni lisilo na mikono. Yanayosemwa wakati wa kukandwa hubaki katika chumba cha kukandiwa. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akaniuliza naumwa nini, na wakati wote nikizungumza alikuwa akichapa. Hakunigusa. Aliuliza swali moja: "Mama, umewahi kuwa na tatizo lolote la titi?" Nikajibu, "Hapana." Sikuwa nadanganya. Kwapa si titi, na kilichokuwapo miaka yote hiyo sikukiita tatizo, nilikiita siri. Naye, badala ya kuuliza la pili, aliandika katika fomu ya kipimo maneno machache: uvimbe wa tezi, kwapa la kushoto. Neno tezi halikutoka kinywani mwangu. Lilitoka kwenye kiti chake, bila yeye kunyanyuka.

Fomu hiyo niliipeleka kwenye kituo cha vipimo huko Mikocheni, jengo la vioo lililobanwa kati ya gereji na ghala la rangi. Mpimaji wa altrasaundi aliniambia nilale, niinue mkono, nisitikisike. Alinipaka ule ute wa baridi, akapitisha kipimio kwapani, huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, akibishana na mtu kuhusu penalti. Kioo kilikuwa kimegeuziwa ukutani, mimi naona mgongo wake tu. Dakika nne, kwa saa ya ukutani. Upande wa kulia hakuugusa. Titi hakuligusa.

"Unaona nini?" niliuliza.

"Daktari wako atakwambia."

"Lakini wewe ndiye unayeona."

"Mama, mie naandika. Kusema siruhusiwi." Akarudi kwenye simu: "Endelea, braza."

Bahasha niliyopewa ilikuwa imegundishwa na kupigwa muhuri kwamba ifunguliwe na daktari tu. Niliifungulia pale pale nje, mbele ya gereji, kwa ukucha. Ndani mlikuwa na sentensi tatu za Kiingereza ambazo kwa lugha yetu zinasema: Tezi ya kwapa la kushoto imekua. Sura yake inatia shaka. Saratani ya titi iliyosambaa ifikiriwe kwanza.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada vya shule. Kila mwaka husoma mamia ya majibu ya majaribio, na kuna aina ya jibu ninayoitambua kwa mbali: la mwanafunzi asiyejua, ambaye hulichukua swali, akaligeuza kidogo, akalirudisha kama jibu. Fomu ilisema tezi, jibu likasema tezi. Ningekuwa na utulivu siku ile ningeliona hilo. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye sentensi ya tatu na hayakurudi.

Daktari wa upasuaji niliyepelekwa kwake alisoma sentensi hizo akiwa amesimama. Huyu alinigusa, kwa vidole viwili, kwa muda wa kusema habari ya asubuhi.

"Hili tutalitoa," alisema. "Na tezi zote zinazolizunguka. Tutasafisha kwapa lote, halafu tulichotoa ndicho tutakipima."

"Hakuna kipimo cha kwanza? Cha sindano?"

"Mama, tusipoteze muda. Sindano utasubiri majibu, halafu tutakuja hapa hapa."

"Na mkono?"

"Wengine mkono huvimba baadaye. Wengine hauvimbi. Inategemea." Aliniandikia Alhamisi, tarehe 10 Julai.

Mkono wenyewe ni wa kushoto, na mimi ni mtu wa kushoto. Nilichapwa kwa ajili ya mkono huo shule ya msingi hadi mwalimu akachoka kabla yangu. Ndio ulioandika kila ukurasa uliowahi kuniletea riziki. Mtu aliniambia kwamba utakatwa mishipa yake ya maji, labda uvimbe maisha yote, na neno alilolibebesha uzito wote huo lilikuwa inategemea.

Nilimweleza mume wangu. Mume wangu akamweleza kaka. Kaka ana mke. Kufikia jioni wifi yangu, ambaye ndiye mama wa bibi harusi na mwenye sauti katika kamati, alikuwa amekwishanihamisha kutoka orodha ya wachangiaji hadi orodha ya maombi. Alinipigia.

"Wifi, usihangaike na mambo yetu. Wewe pumzika."

"Sendofu ni tarehe 19. Huenda nitakuwa nimetoka."

"Utatoka wapi, wifi? Jipe moyo tu. Kile kitambaa kirudishe, kuna mtu amekosa. Kisipotee."

Sijawahi kumchukia mtu kwa usafi wa moyo kama nilivyomchukia wifi yangu kwa dakika ile. Hakukusudia ubaya, nalijua hilo. Lakini alikwisha kunizika na kunivua sare.

Kwa hiyo nilirudi Sinza kuchukua kitambaa, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa na mkono wa kushoto ninaouandikia leo.

"Nimeshakikata," fundi alisema. "Nani anakitaka?"

Nilimweleza. Sikukusudia, nilitaka kusema nasafiri. Nilijikuta nimekaa kwenye kile kigoda cha wateja nikilitaja kwapa langu kwa mwanamume asiye daktari, mimi ambaye sikuwahi kulitaja hata kwa mama yangu. Fundi hakunipa pole. Aliweka miwani, akavuta daftari lake, akaanza kufungua kurasa kuelekea nyuma.

Fundi huyu haandiki tarehe. Anaandika shughuli. Ukurasa mmoja umeandikwa Kipaimara, mwingine Msiba baba mkwe, mwingine Harusi ya jirani, na chini ya kila shughuli mna kifua changu, kiuno changu, makwapa yangu.

"Njoo uone," alisema. "Kipaimara, kushoto imezidi nusu. Msiba, sawa kwa sawa. Harusi ya jirani, imezidi inchi nzima. Hapa tena, sawa. Hapa, robo." Akanitazama juu ya miwani. "Mie nilidhani ni mashetani ya futi yangu. Nikaanza kukuachia nafasi upande huo bila kukwambia, nisikukwaze."

"Miaka yote hiyo?"

"Sasa ningesemaje? Dada, kwapa lako lina tabia?"

Nilicheka, na nilipoanza kucheka sikuweza kuacha, mpaka mteja mwingine akachungulia mlangoni.

"Simama," alisema. Akapima. "Kumi na nane na robo tatu. Wiki ile ilikuwa kumi na tisa na nusu. Mie sio daktari, mie nashona. Ila hicho kitu kinapanda na kushuka, na kimefanya hivyo kabla huyo mtoto wako hajamaliza shule ya msingi. Wameliuliza hilo?"

Hawakuliuliza. Na mimi sikulisema. Nilikaa tena kwenye kigoda, na hasira iliyonijia haikuwa na mahali pa kuanzia, kwa sababu kila nilipomnyooshea mtu kidole, kidole kilinirudia.

Nilikwenda Temeke siku hiyo hiyo. Mama mkwe amepita miaka themanini, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Nilimpa shikamoo, nikaketi mkekani, nikamwambia kila kitu, pamoja na tarehe ya kukatwa. Alinisikiliza akichambua mchele kwa vidole.

"Uliwaambia ni maziwa?"

"Hapana, mama. Wewe ulisema nisiwaambie watu."

Vidole vilisimama. "Daktari ni watu?"

"Mama, ulisema watu."

"Nilisema wambea. Nilisema mashoga zako na wifi zako wenye midomo. Nilikuambia ukafe nayo?" Alisukuma ungo pembeni. "Umesoma mpaka Chuo Kikuu, unarekebisha vitabu vya watoto wa nchi nzima, halafu neno la mkwe aliyesoma mpaka darasa la nne ndilo uliloshika bila kuuliza. Nenda ukaseme. Waambie ni maziwa. Wakikucheka, waambie mkweo anawaita waje hapa wanicheke mimi."

Nilisema. Nilimtafuta daktari mwingine wa picha, mwanamke wa makamo katika hospitali moja upande wa Msasani, na nikaenda na madaftari: la kwangu la siku za mwezi na lile la fundi, ambalo alinikabidhi kwa masharti ya kulirudisha kabla ya jioni. Sikuhitaji ujasiri wowote, maana kabla sijafungua mdomo yeye aliuliza. Alivuta kiti, akaketi usawa wangu.

"Ulipojifungua, hapa palivimba?"

"Ndiyo."

"Pande zote mbili?"

"Ndiyo."

"Na sasa, ukikaribia siku zako, panajaa?"

"Kila mwezi."

"Nani mwingine katika ukoo wenu anayo?"

Hilo sikulijua. Aliuliza maswali hayo manne kwa muda mfupi kuliko aliotumia kuvaa glavu. Nilitamani kulia, si kwa furaha.

Alianza na titi, akahamia kwapa la kushoto, kisha, jambo ambalo hakuna aliyelifanya, akaenda kwapa la kulia. Na kioo alikigeuzia kwangu.

"Tazama. Hii ni nyama ya titi lako, hivi vipande vyeupe vyenye mistari. Ikumbuke sura yake. Sasa hapa ni kwapa la kulia. Unaona tofauti?"

"Hapana."

"Kwa sababu haipo. Ni nyama ile ile. Tukiwa tumboni mwa mama, sehemu ya kuotesha maziwa huanzia kwapani hadi kinenani, kisha hufutika na kubaki mawili. Kwa wanawake wengine haifutiki yote. Si ugonjwa, ni titi lililokosa chuchu." Akarudi kushoto. "Na titi, hata likiwa kwapani, hupata vivimbe kama titi lolote. Hiki hapa. Kimelala, kipana kuliko kina chake, ukingo laini. Tezi ya kwapa huwa na kitovu cha kuingizia damu. Hiki hakina. Mimi nakiona kama kivimbe cha kawaida cha titi, kisicho saratani. Lakini sitakuambia uende nyumbani kwa macho yangu tu. Tutapiga na picha ya eksirei ya matiti yote mawili, na tutachukua nyama kwa sindano. Siku saba."

"Na Alhamisi ya upasuaji?"

"Nani amekupa Alhamisi bila sindano?" Aliuliza polepole, bila kunitazama, kama mtu asiyetaka kujibiwa.

Siku ya saba majibu yalitoka. Kivimbe cha kawaida ndani ya nyama ya titi la ziada, hakuna chembe ya saratani. Kinaweza kutolewa kikinisumbua, au kuachwa na kupimwa tena baada ya miezi sita. Nilichagua kukiacha. Ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya ile Alhamisi.

Nilipopiga simu kufuta upasuaji, dada wa mapokezi alisema, "Mama una bahati, mshukuru Mungu." Wifi yangu alisema vivyo hivyo, na akataka nikatoe ushuhuda kanisani. Mume wangu alisema tuyaache, yamepita salama. Kila mtu alinitaka niwe na shukrani, na mimi nilizunguka nyumba kwa wiki tatu nikifunga makabati kwa kishindo. Ninamshukuru Mungu kwa mengi. Sitamshukuru kwa niaba ya watu watatu walionishika au kukataa kunishika bila kuniuliza swali ambalo mwanamke wa darasa la nne alilijibu kwa vidole vyenye maji ya moto. Na ninafikiri juu ya mwanamke mwingine, asiye na fundi mwenye daftari, ambaye Alhamisi yake ilifika.

Sendofu nilikwenda. Zambarau haikunipendeza. Kwapa la kushoto fundi alilikata inchi moja na nusu zaidi, na halikunibana.

Barua hii niliipeleka kwa mkono wangu, Mikocheni, nikasainiwa nakala.

4 Agosti

Kwa Mkuu wa Kituo,

YAH: FOMU YENU YA ALTRASAUNDI YA KWAPA

Mwezi Juni nilipimwa kituoni kwenu kwa dakika nne, upande mmoja, na nikapewa jibu kwamba nifikiriwe kuwa na saratani iliyosambaa. Kipimo kamili kilichofanyika kwingine, pamoja na cha nyama, kimeonyesha titi la ziada lenye kivimbe kisicho na madhara. Nakala ya jibu lenu na ya jibu la pili nimeziambatisha ili mzilinganishe.

Siombi fidia wala radhi. Nakiri kwamba nami nilinyamaza juu ya jambo nililolijua kwa miaka ishirini na miwili, kwa kuwa nilifundishwa kuona haya. Lakini mpimaji wenu hakunipa nafasi ya kuvunja ukimya huo, na fomu yenu haina mahali ambapo ningeuvunjia. Naomba mambo matatu. Mpimaji amuulize kila mwanamke kama uvimbe ulijitokeza alipojifungua, na kama hujaa akikaribia siku zake. Apime makwapa yote mawili na matiti yote mawili. Na asiandike neno saratani kuhusu mtu ambaye hajamuuliza kitu.

Mkiona maswali hayo ni mengi, niko tayari kuwaandalia fomu mpya bila malipo. Kutunga maswali ndiyo kazi yangu.

Nimeambatisha pia nakala ya kurasa mbili za daftari la fundi wangu wa nguo. Siku mliponichapia lile jibu, hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu pekee za kwapa langu katika mji huu. Daftari lenyewe amekataa kuliachia. Ana wateja wanaomsubiri.

Wenu,
Mgonjwa wa bahasha iliyofunguliwa